Voliboli ya mabinti ianze Gredi ya 4

Agosti 2023, jijini Yaoundé, timu ya taifa ya Kenya ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers, iliilaza Misri na kutwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya 10. Hakuna nchi nyingine barani iliyokaribia idadi hiyo kwa wanawake. Lakini katika Olimpiki za Tokyo na Paris, mabinti hao walicheza mechi 8 na kupoteza zote kwa seti 3-0. Tunatawala Afrika, kisha katika Olimpiki hizo mbili hatukupata hata seti moja.

Mashabiki wengi husema tatizo ni kimo. Sikubali. Wajapani ni wafupi kuliko wapinzani wao wengi, na bado timu yao ya wanawake ilifika fainali ya Ligi ya Mataifa mwaka 2024. Wanachotuzidi ni mguso wa kwanza, yaani namna ya kupokea mpira.

Tazama jambo hili kwa karibu. Anayeanzisha mpira husimama nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja wenye urefu wa mita 18, na mpira wake mara nyingi huja ukiyumba hewani bila kuzunguka. Mpokeaji anatakiwa awe amefika mahali pake kabla ya mpira, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka na kushikamana pamoja, uso wa mkono kati ya kiwiko na kifundo ukielekea kwa mpangaji aliye karibu na wavu. Akiupeleka mpira mikononi mwa mpangaji, huyo ana washambuliaji watatu au wanne wa kuchagua. Akikosea kwa hatua tatu tu, mpangaji anakimbia kuuokoa na kubaki na njia moja, kuurusha juu pembeni, ambako mikono minne ya wazuiaji tayari inasubiri. Ile smashi inayotuinua vitini imeamuliwa na mpokeaji ambaye hakuna aliyemtazama.

Ustadi huu wa miguu na macho huota mapema, mtoto akiwa na miaka 9 au 10, kabla mwili haujazoea tabia mbaya. Kwetu, mabinti wengi walikutana na wavu kwa mara ya kwanza Kidato cha Kwanza, wakiwa na miaka 14. Shule kama Kwanthanze ya Machakos, ambayo imetwaa ubingwa wa taifa mara kadhaa na kuvuma hadi michezo ya shule za Afrika Mashariki, zilijenga wachezaji kwa miaka minne. Walimu wa shule hizo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Sasa muda huo umepungua. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi anaingia sekondari ya juu katika Gredi ya 10 na kumaliza Gredi ya 12. Ni miaka mitatu tu. Kuna faida yake: mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo unampa mchezaji nafasi ya kusomea anachokipenda bila kuonekana mtoro wa vitabu. Lakini mkufunzi wa Gredi ya 10 hawezi kuanza kumfundisha mtoto namna ya kusimama, kisha akamtoa bingwa kabla ya mtihani wa mwisho. Msingi sharti uwekwe chini zaidi, katika shule za msingi na Gredi ya 7 hadi 9. Hata Gredi ya 4 si mapema mno.

Wala hauhitaji fedha nyingi. Katika nchi nyingi watoto huanza kwa mchezo mdogo: uwanja mfupi, wavu ulioshushwa chini sana ya mita 2.24 za wanawake, mpira mwepesi, wachezaji watatu au wanne kila upande. Kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, na hakuna anayejificha nyuma ya mrefu wa darasa.

Mtoto mfupi pia ana kazi yake. Tangu 1998 mchezo wa kimataifa una libero, mchezaji wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, asiyeruhusiwa kuzuia wavuni, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa. Nimeona mabinti wepesi mno wakiambiwa waende riadha kwa sababu ya kimo. Tunawapoteza bure.

Na nafasi zipo. Timu za Kenya Pipeline, Magereza, KCB na DCI zimewafungulia mabinti wengi mlango wa ajira. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili kwa wachezaji wa voliboli, mradi alama za darasani ziwe nzuri. Mercy Moim, nahodha wetu Tokyo, alicheza klabu za nje. Sharon Chepchumba alikwenda Ugiriki. Wenzetu wa Mombasa, Kilifi na Kwale wana mchanga wa bure, na njia ya ufukweni ipo: Brackcides Agala na Gaudencia Makokha walituwakilisha Tokyo katika voliboli ya ufukweni, na mchezo huo umo katika ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza kufanyika Afrika. Ufukweni mko wawili tu, kwa hiyo kila mmoja analazimika kujua kupokea.

Mzazi, wakala akija na ahadi ya klabu ya ng'ambo, uliza mambo machache kabla ya kumruhusu binti. Mkataba uko katika lugha mnayoielewa? Nani analipia matibabu akiumia goti? Shirikisho la taifa limehusishwa katika cheti cha uhamisho wa kimataifa? Bila cheti hicho hataruhusiwa kucheza huko, hata akiwa ameshafika.

Nanyi walimu wakuu wa shule za msingi, muhula ujao simamisheni nguzo mbili, fungeni wavu chini, na muwape watoto wa Gredi ya 4 mpira mara mbili kwa wiki.