Kanzu Tano Zilizolala Sandukuni

Ndugu msomaji, ni nyumba chache zisizokuwa na kazi ya mkono iliyoanzwa kwa furaha, kisha ikawekwa kando mpaka ipatikane nafasi. Hapa kwetu Kalinzi, katika milima iliyo juu ya mji wa Kigoma, kazi hiyo ilikuwa furushi la bafta nyeupe lililokaa sandukuni miaka minne. Nalisimulia si kwa kujisifu, kwani aliyelichelewesha ni mimi.

Mwaka 2021 marehemu mama yangu alinunua bafta huko Ujiji, akakata kanzu tano: tatu za wajukuu wake, na mbili za watoto wa jirani waliofiwa na baba yao, ambao husoma madrasa moja na wanangu. Alitaka vijana wote watano wavae namna moja siku watakaposoma Qurani mbele za watu. Alikata vipande vyote, akavipiga bandi kwa uzi mwekundu. Lakini kabla hajashona hata kanzu moja aliugua, akafariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Tukalifunga furushi. Kwanza tulisema tungoje huzuni ipoe. Kisha mavuno ya kahawa yapite. Kisha maharage yatoke shambani. Kisha mahitaji ya shule yalipwe. Kila udhuru ulikuwa wa kweli, na kwa sababu ulikuwa wa kweli hapana aliyeona haya kuutoa.

Mwaka 2025, siku chache kabla ya Mfunguo Sita, vijana wa madrasa yetu walialikwa Ujiji kusoma Qurani na kueleza maisha ya Mtume Muhammad (s.a.w.) pamoja na vijana wenzao. Mwalimu alipoandika majina, yule mkubwa wa mayatima wawili, mwenye sauti nzuri kuliko wote, alikataa kuandikwa. Nilimwita nikamwuliza sababu. Akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu: "Baba, naingoja kanzu yangu. Bibi alinipima."

Neno hilo lilinichoma. Tumeamrishwa katika Sura An-Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, nami kwa miaka minne nilikuwa nikilitazama furushi lile kama ukumbusho wa mama yangu tu, hali ndani yake mlikuwa na haki ya yatima. Tena kuzitimiza ahadi za wazazi ni katika wema tuliofundishwa kuwafanyia baada ya kufa kwao. Mama aliahidi, mimi nilifunga sanduku.

Usiku ule ule tulilifungua. Tukaona jambo ambalo mtu yeyote angalilitazamia: vijana walikuwa wamerefuka. Walakini bibi yao alijua tabia ya watoto, kwani aliacha upindo wa vidole vinne, na kitambaa cha akiba mbavuni. Tukawapima upya. Kanzu ya mwanangu mkubwa haikumfaa tena, ikapewa yule yatima mkubwa; ya yatima ikapewa kijana anayemfuata, na hivyo kila kanzu ikashuka kwa mdogo wake. Ile iliyokuwa ndogo kuliko zote haikuwa na wa kuivaa. Vipande vyake tukavikata taharizi za kuzipanua zile nyingine. Mwanangu mkubwa aliridhika kuvaa kanzu yangu ya Idi, baada ya kupunguzwa kidogo.

Basi tukahesabu. Zilibaki kanzu nne za kushona, na kila moja tuliigawa sehemu nne: mabega na taharizi, mikono na vikwapa, shingo na lisani, upindo na vifungo. Zikawa kazi kumi na sita, nasi tulikuwa na siku ishirini. Mzigo uliotutisha miaka minne ulikuwa sehemu moja kila usiku baada ya sala ya Isha, na siku nne za akiba.

Mama watoto alichukua mishono mirefu kwa cherehani ya miguu. Binti zetu walichukua shingo, wakaishona kwa mkono. Vijana wenyewe wakapewa upindo na vifungo. Mikono na vikwapa vikawa fungu langu. Nilitaka kukataa, nikidhani kwamba sindano ya nyumbani ni ya wanawake, ijapokuwa nguo zangu zote zimeshonwa na mafundi wanaume. Binti yangu akanikumbusha alivyosimulia Bibi Aisha, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake, na akishona nguo yake mwenyewe. Sikuwa na la kujibu. Usiku wa kwanza nilishona mkono wa kulia katika bega la kushoto, wakacheka mpaka wakatoka machozi. Nikaufumua, nikaanza tena.

Usiku wa kumi na tisa tulizitoa nyuzi nyekundu za bandi alizozitia mama, tukazipiga kanzu pasi. Siku ya safari vijana watano waliteremka kwa njia ya Mwandiga hadi Ujiji wakiwa wamevaa nyeupe, na hapana aliyeweza kutambua kwa mavazi nani ana baba na nani hana. Yule kijana alisoma Sura Al-Maun, inayomkemea amsukumaye yatima na wanaozuia hata msaada mdogo. Nilisikiliza kwa haya na kwa shukrani.

Enyi wazazi, na ninyi vijana, kama liko furushi nyumbani mwenu, lifungueni leo. Msianze kwa kushona. Anzeni kwa kupima upya, kwani aliyekusudiwa si yule wa zamani. Kisha igaweni kazi, kila mtu apate fungu lake, mdogo na mkubwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa ni ndogo. Nguo hungoja sandukuni. Mtoto hangoji, hukua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuanzia kheri, na atujalie sisi kuitimiza. Amin.