Watu wa Chuo Kikuu Wakija Kijijini

Ndugu wanavikundi wa Kinakomba,

Tumewaona mara nyingi. Gari linasimama chini ya mwembe, wanashuka vijana wenye madaftari, pengine na mzungu mmoja. Wanauliza habari za mafuriko, za maembe, za kima na mbega wa msitu wa mto. Tunajibu. Kesho wameondoka, na majibu yameondoka nao. Je, lazima iwe hivyo? Hata kidogo.

Tuwatazame majirani zetu wa Kilifi. Tangu 1989 taasisi ya utafiti ya KEMRI inafanya kazi huko pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford. Vijana wa Kiafrika husomea hapo shahada za juu. Wananchi nao wamechagua wawakilishi wao, ambao huelezwa kazi za utafiti na kuwafikishia watafiti maswali na manung'uniko ya watu. Chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2021 ilijaribiwa Kilifi pia.

Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimeshirikiana na Indiana ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wa udaktari wa Moi hupelekwa vituo vya afya vya vijijini, na hayo ni sehemu ya masomo yao.

Basi ushirikiano ni kama mafiga matatu: chuo cha hapa nchini, mgeni wa nje, na kijiji. Figa moja likikosekana, chungu kinamwagika. Mara nyingi linalokosekana ni la kwetu.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Ulizeni kibali. Mtafiti anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI. Katibu aandike nambari yake na jina la chuo.

2. Chagueni wasemaji watatu, mama na kijana wakiwemo. Msimwachie chifu peke yake.

3. Patana kabla ya kazi kuanza: matokeo yatarudi lini, yatasomwa barazani kwa lugha gani, na ni vijana gani wa hapa watakaoajiriwa kutafsiri na kujifunza kazi.

4. Kumbukeni kwamba kila mtu ana haki ya kukataa kujibu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona tu akijua la kuomba. Tuliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla gari lingine halijafika.