WARAKA WA MAASKOFU NA UTII WA ASKARI: FUNZO KUTOKA MALAWI

Jumapili ya tarehe 8 Machi, 1992, Wakatoliki wa Malawi, nchi jirani ya Tanzania upande wa kusini-magharibi, walikwenda kanisani kama ilivyo desturi. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Siku hiyo mapadre waliwasomea waraka wa kichungaji uliotiwa saini na viongozi saba wa kanisa lao, wakiongozwa na Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre. Waraka huo uliitwa Kuishi Imani Yetu. Ulikuwa umechapwa kwa siri, na ulisomwa siku moja nchini kote, hata isiwezekane kumkamata padri mmoja na kusema kwamba hayo yalikuwa maneno yake peke yake.

Ili kuelewa uzito wa tukio hilo, yafaa kukumbuka hali ya Malawi wakati huo. Chama kimoja tu, Malawi Congress Party, ndicho kilichotawala tangu uhuru wa mwaka 1964, na Dk. Hastings Kamuzu Banda alikuwa amefanywa Rais wa Maisha tangu mwaka 1971. Utawala huo ulijengwa juu ya nguzo nne: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Hapana askari asiyeyajua maneno hayo, wala hapana jeshi linaloweza kusimama bila ya hayo. Ila kasoro yake kubwa nchini Malawi ilikuwa moja: utii uliotakiwa haukuwa kwa sheria, bali kwa mtu.

Maaskofu walianza na fundisho linalojulikana na kila Mkristo, yaani kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kutokana na fundisho hilo walitoa hoja yao hatua kwa hatua. Ikiwa kila mtu ana heshima hiyo, basi mshahara usiomtosha mfanyakazi kulisha watoto wake ni jambo la imani, si la uchumi peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa shule zilizofurika wanafunzi, hospitali zisizo na dawa, rushwa na upendeleo, na raia anayewekwa kizuizini kwa sababu ya kusema. Waraka haukudai kuundwa kwa vyama vingi, wala haukumwita mtu yeyote kushika silaha. Ulisema hadharani yale ambayo wananchi walikuwa wakinong'onezana majumbani.

Kuna wanaouliza kama ni haki kwa viongozi wa dini kuingilia mambo ya serikali. Swali hilo ni zito, na si jipya nchini Malawi. Mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana Karonga, karibu na mpaka wa Tanganyika, mchungaji John Chilembwe aliandika barua gazetini kupinga Waafrika kufa katika vita isiyowahusu. Barua yake ilizuiwa. Mwezi Januari 1915 aliongoza maasi dhidi ya walowezi. Maasi hayo yalizimwa upesi na yeye mwenyewe akauawa. Malawi humkumbuka kama shujaa. Maaskofu wa mwaka 1992 walirithi malalamiko ya aina ile ile, lakini hawakuifuata njia yake. Silaha yao ilikuwa karatasi.

Waliompinga Chiona na wenzake walikuwa pia Wakristo. Dk. Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland. Wengi wa namna hiyo huegemea mafundisho ya Mtume Paulo kwa Warumi kwamba kila mtu atii wenye mamlaka. Hata hivyo, mafundisho hayo hayo humwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Kwa hiyo mamlaka yamepewa kazi, na kazi hiyo ndiyo mpaka wake. Wala kanisa halikudai kushika madaraka. Vyama vingine vilikuwa vimepigwa marufuku, na redio ilikuwa ya serikali. Palibaki mahali pachache ambapo watu wangeweza kukusanyika kila wiki bila kuitwa na chama, na kanisa lilikuwa mojawapo.

Jibu la serikali lilikuwa kali. Waraka ulitangazwa kuwa wa uchochezi, hata kuwa nao likawa kosa. Maaskofu walihojiwa na polisi kwa saa nyingi. Katika mkutano wa chama tawala baadhi ya wajumbe walisema wauawe. Maneno hayo yalinaswa na kuvuja hadi nje ya nchi. Monsinyori John Roche, Mwairishi aliyesimamia jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Lakini neno lililokwisha kusomwa makanisani halikuweza kurudishwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana. Wapresbiteri nao wakatoa sauti yao. Mwezi Mei wafanyakazi wa Blantyre waligoma wakidai mishahara, na polisi walipofyatua risasi watu wapatao 40 walikufa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, Orton Chirwa, waziri wa sheria wa kwanza wa Malawi aliyewahi kuishi uhamishoni Tanzania, alifia gerezani Zomba.

Tarehe 14 Juni, 1993, wananchi walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua mfumo wa vyama vingi. Hapo ndipo suala la silaha lilipojitokeza wazi. Kikundi cha chama, Malawi Young Pioneers, kilikuwa na bunduki na madaraka ya kukamata watu, na polisi hawakuwa na uwezo wa kukidhibiti. Mwezi Desemba 1993, baada ya wanajeshi kuuawa na vijana hao mjini Mzuzu, jeshi lilikishambulia na kukinyang'anya silaha. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, maana yake rudisheni. Wengi waliishangilia, lakini haikuwa bila ya dosari: ilianza kwa hasira ya kambini, watu walikufa na mali ikaporwa. Jambo la kutia moyo ni kwamba jeshi halikuchukua serikali. Lilirudi kambini, na tarehe 17 Mei, 1994, Bakili Muluzi, Mwislamu katika nchi yenye Wakristo wengi, akachaguliwa kuwa Rais. Dk. Banda alikubali kushindwa.

Haifai kudhani kwamba waraka mmoja ulimaliza matatizo ya Malawi. Umaskini ulibaki. Mwezi Julai 2011 waandamanaji wapatao 20 waliuawa tena. Lakini Aprili 2012, Rais Bingu wa Mutharika alipofariki na baadhi ya mawaziri kutaka kumzuia Makamu wa Rais Joyce Banda kushika nafasi yake, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Henry Odillo, alisimama upande wa Katiba. Askari wakalinda nyumba ya Makamu wa Rais, naye akaapishwa bila ya damu kumwagika.

Ndugu wasikilizaji, askari ni mtu wa utii, na ni vyema awe hivyo. Historia ya Malawi haimfundishi kuasi. Inamfundisha kujua anamtii nani na kwa ajili ya nini. Waliofyatua risasi Blantyre mwaka 1992 walikuwa watiifu, na waliolinda nyumba ile mwaka 2012 walikuwa watiifu. Wa kwanza walimtii mtu, wa pili waliitii sheria. Na muumini aliyeshika karatasi mkononi akidai mshahara, dawa na haki ya kusema, hakuwa adui wa nchi. Ndiye raia yule yule ambaye askari ameapa kumlinda.