Usingizi wa pono na aibu ya mwalimu wa bara

Kila nisahihishapo insha za wanafunzi wangu hapa Nakuru, hukutana na samaki mmoja ambaye hapana hata mmoja wetu aliyepata kumwona kwa macho. Samaki huyo ni pono. Msichana aliyechoshwa na kazi za nyumbani "alilala usingizi wa pono". Mlinzi aliyeibiwa usiku "alikuwa amelala kama pono". Nami, kama walimu wenzangu wengi, hutia alama ya vyema pembeni mwa karatasi, nikaipongeza tashbihi hiyo na kufunua ukurasa unaofuata.

Siku moja mvulana wa kidato cha tatu, mkazi wa mtaa huu wetu wa Section 58, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyo pono ni samaki wa namna gani, na kwa nini analala sana?" Nilimjibu kwamba ni samaki mvivu wa huko pwani. Nililitoa jibu hilo kwa sauti ya mtu ajuaye, ilhali nilikuwa nikibahatisha. Mvulana yule, kwa adabu yake, akaliandika daftarini. Msomaji aliye mwalimu atafahamu jinsi jambo dogo kama hilo linavyoweza kumkosesha mtu raha.

Ndipo nilipofunga safari ya zaidi ya kilomita 600 kwenda Watamu, nikajiandikisha kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nilikwenda mwezi wa Februari, si kwa hekima yangu, bali kwa ushauri wa wenyeji. Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba hivi, ikachafua bahari, ikaleta mawimbi makubwa na kuyafanya maji kuwa na ukungu. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, na mwishoni mwake bahari hutulia, maji yakawa maangavu kiasi cha mtu kuona mbali mita 15 au zaidi, na joto lake likakaribia nyuzi 30. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji. Maneno haya yote nimeyafundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wameyakariri. Lakini sikujua kwamba kwa mzamiaji ndiyo kalenda yenyewe.

Mashua yetu ilipoukaribia mlango wa mwamba, mahali ambapo maji ya ndani hukutana na bahari kuu, ilianza kulala upande huu na kuinukia upande huu, nami nikajishikilia kwa mikono miwili. Hapo nilikumbuka insha nyingine zote ambamo "mambo yalikwenda mrama". Kumbe kabla ya mambo kwenda mrama, chombo ndicho kilichokwenda mrama, na tumbo la abiria pamoja nacho!

Tulishuka hadi mita 12. Kila mita kumi za maji huongeza kanieneo sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu pale ufukweni, na masikio ndiyo yanayotangulia kutoa habari. Amri ya kwanza niliyopewa ilikuwa kutogusa kitu chochote. Tumbawe ambalo mgeni hulidhania kuwa jiwe ni jamii ya wanyama wadogo mno wanaojenga nyumba za chokaa, na pigo moja la mguu laweza kuvunja kazi ya miaka mingi. Nikatulia, nikatazama. Mkunga alitoa kichwa pangoni akafungua na kufumba kinywa kama mtu anayehema. Taa alikuwa amejifukia mchangani, macho tu yakionekana. Kasa alipita juu yetu bila haraka yoyote, akaenda zake.

Kisha nikasikia mlio, kra, kra, kra, kama wa mtoto atafunaye barafu. Mwalimu wangu akanyosha kidole. Alikuwa pono: samaki mnene, rangi ya buluu na kijani iliyochanganyika na waridi, meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Alikuwa akikwangua mwamba bila kupumzika. Nilimfuata kwa macho muda wote hewa yangu iliponiruhusu, wala sikumwona akilala.

Tulipopanda mashuani nilimweleza kijana yule jibu nililompa mwanafunzi wangu. Akacheka sana. "Mwalimu," akasema, "umemwonea pono. Huyo mchana kutwa yuko kazini. Usiku ndipo hulala, na akilala amelala kweli." Akanieleza kwamba kwenye mbizi za usiku humkuta pono amejibanza katika nyufa za mwamba, na baadhi ya aina zake hujifunika utando mwembamba wa ute utokao mwilini mwao, kama chandarua. Mtu humkaribia na taa, naye asishtuke. Basi waliotunga msemo huu walimwona samaki huyu kwa makini. Ni sisi wa baadaye tuliougeuza usingizi wa mchapakazi ukawa uvivu.

Na kazi yake si ndogo. Mwani usipolishwa hufunika mwamba, na matumbawe machanga yakakosa mahali pa kushika. Pono hulisha mwani huo, na chokaa anayoitafuna pamoja nao huitoa ikiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ule mchanga mweupe ambao wanafunzi wetu hupigia picha wanapokwenda Mombasa, sehemu yake imepita tumboni mwa samaki huyu. Nchi ya Belize ililitambua jambo hilo, na mwaka 2009 ikapiga marufuku kuvuliwa kwake. Kwetu, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968 na ambazo ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika, humlinda pono ndani ya mipaka yake kwa kuwa uvuvi hauruhusiwi humo. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000, na samaki wakarejea. Nje ya mahali kama hapo, pono ni kitoweo kama samaki wengine.

Nilitaka kupanda basi la usiku siku ile ile nirudi nyumbani. Mwalimu wangu akanikataza katakata. Aliponiuliza ninakaa wapi, nikamwambia Nakuru, aliuliza mji huo uko juu kiasi gani. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na barabara hupanda zaidi ya mita 2,000 pale Limuru kabla ya kuteremka Bondeni. Mzamiaji huvuta hewa yenye kanieneo kubwa, na naitrojeni huyeyuka katika damu yake. Akipanda mahali pa juu upesi, gesi hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa kwa ghafla, ikaleta maumivu, ulemavu, hata kifo. Hushauriwa kungoja saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 au zaidi kwa aliyezamia mara nyingi. Nikalala Watamu usiku mwingine. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kimo cha Nakuru na kina cha bahari vingeweza kukutana katika damu ya mtu mmoja.

Lakini vimekutana hata kabla ya hapo. Wapo watakaosema kwamba bahari si shauri letu, kwa kuwa mito yetu ya Njoro na Makalia huishia ziwani na haifiki pwani. Ni kweli. Lakini mvua yetu je? Wakubwa kati yetu wanaikumbuka El Niño ya 1997 na 1998, ilivyobomoa madaraja na barabara nchini. Joto lile lile la bahari, mwaka 1998, liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Tumbawe huishi kwa chakula kinachotengenezwa na vijimea vilivyo mwilini mwake. Maji yakizidi joto lao la juu la kawaida kwa nyuzi moja tu, kwa majuma kadhaa, hulitoka vijimea hivyo, nalo likabaki jeupe kama mfupa. Maji yakipoa mapema hupona, yakichelewa hufa. Mwaka 2016 weupe huo ulirudi, na tena mwaka 2024. Aidha, mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipopata joto lisilo la kawaida, mvua kubwa zilinyesha, na maziwa ya Bonde la Ufa yaliyokuwa yakifura tangu mwanzoni mwa muongo huo yakazidi kupanda, hata Ziwa Nakuru likaingia katika makazi ya watu. Bahari ikiugua, habari hutufikia.

Ombi langu kwa walimu wenzangu si kwamba kila shule ianze kuzamisha watoto. Gharama twazijua, na wengi wa watoto wetu hawajui kuogelea. Ninaloomba ni dogo. Mara nyingi hupanga safari za pwani kwa wakati unaotufaa sisi, tukaenda mwezi wa Agosti wakati wa kusi, tukazuru Fort Jesus, tukarudi. Tupange safari hizo msimu wa kaskazi. Tuulize siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali na kuacha madimbwi ya mwamba wazi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi waandamane. Wakodi mashua yenye kioo sakafuni, wasikanyage matumbawe, wasinunue makombe wala kasha la kasa. Mwanafunzi atakayemwona pono akikwangua mwamba hatahitaji kukaririshwa.

Niliporudi darasani nilimwita mvulana yule, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba nilimpa jibu la uongo. Akafungua daftari lake la zamani, akaukata mstari neno "mvivu", kisha akaniuliza pono akiisha wote baharini, msemo tutauandikaje. Swali hilo sijalijibu, wala safari hii sitabahatisha.