Kichanja cha Mbuzi Kipangwe Kuanzia Kwenye Nguzo

Mfugaji wa Mlali anayetaka kujenga banda la mbuzi la kichanja kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya mbao. Afadhali aulize kwanza nguzo zitaachana kwa umbali gani. Umbali huo ndio unaoamua unene wa mbao, wingi wake, na kama sakafu itakuwa bado imenyooka baada ya masika mawili.

Mabanda haya yana sababu nzuri ya kuwepo huku. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, na njia ya kwenda Mgeta inapita Mlali. Mbuzi anayelala kwenye matope huoza kwato na kuandamwa na minyoo, kwa hiyo hulazwa juu ya papi zilizoachana kama sentimita 1.5. Kinyesi na mkojo hupita chini, kwato hazinasi, na samadi huzolewa kwa ajili ya bustani za mboga. Chini ya papi kuna boriti, chini ya boriti kuna mihimili, na mihimili imekaa juu ya nguzo. Uzito wote hushuka kwa mpangilio huo hadi kwenye udongo.

Tuchukue kichanja cha mita 4 kwa mita 3, kilichojengwa kwenye mteremko. Mbuzi wanane wa kilo 50 kila mmoja ni kilo 400 tu. Lakini hawakai wametawanyika. Majani yakiingia horini, wote husogea upande mmoja. Ongeza watu wawili wanaokamua, ongeza mbao zilizolowa. Mjenzi makini hukadiria kilo 200 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 2,400 kwa kichanja kizima.

Sasa tazama ubao. Boriti ikiongezwa urefu mara mbili bila nguzo ya kuipokea katikati, nguvu inayotaka kuivunja huongezeka mara nne, na kubonyea kwake huongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana ubao wa inchi mbili kwa nne unaotosha vizuri kwa mita 1.5 hauaminiki hata kidogo kwa mita 3. Wengi hukimbilia kununua mbao nene zaidi. Mimi ningeongeza safu moja ya nguzo katikati: nguzo za mikaratusi ni rahisi kupata kuliko mbao kubwa zilizopasuliwa, na kazi zinayofanya ni kubwa kuliko bei yake.

Kichanja chetu basi kitakuwa na nguzo tisa, safu tatu za nguzo tatu. Mihimili mitatu ya mita 4 ilazwe sambamba na kilima, ikiachana mita 1.5. Hapo nguzo za safu moja zitakuwa na urefu unaokaribiana, na pima maji haitasumbua. Kila mhimili uwe mbao mbili za mbili kwa sita zilizofungwa pamoja. Juu yake boriti za mbili kwa nne zikatize kutoka juu ya mteremko kwenda chini, kila baada ya sentimita 50, na upande wa hori zisogezwe karibu zaidi. Zote zisimamishwe kwa ubavu mwembamba. Ubao wa mbili kwa sita uliosimamishwa ni mgumu kubonyea mara tisa kuliko uleule uliolazwa, na kuusimamisha hakugharimu shilingi ya ziada.

Nguzo ya katikati ndiyo inayosahaulika. Inabeba robo ya kichanja, kilo 600, wakati ya kwenye kona inabeba kama kilo 150. Nguzo yenye kipenyo cha sentimita 12 ikisimama moja kwa moja kwenye udongo hukandamiza zaidi ya kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo uliolowa hauwezi kuvumilia hivyo. Mwagia kitako cha zege cha sentimita 40 kwa 40 na mkandamizo utashuka chini ya nusu kilo.

Hapa kwenye miteremko kuna mtego mwingine. Tuta lolote la kujengea banda lina upande uliochongwa na upande uliojazwa. Nguzo za juu husimama kwenye udongo wa asili, za chini kwenye udongo wa kumwagwa, na mvua ikinyesha zile za chini huzama peke yake. Mashimo ya upande wa chini yachimbwe hadi yavuke udongo wa kujaza, hata kama fundi atalalamika. Nguzo hizo pia ni ndefu, kwa hiyo zifungwe mbao za mshazari pande zote mbili. Bila hizo kichanja kitayumba kila mbuzi wanapogombania majani.

Misumari isiachiwe kazi ya kubeba. Wazee walichagua mti wenye panda ili mhimili ukae ndani yake, na walikuwa sahihi: uzito ukae juu ya nguzo, boliti na misumari vizuie kuteleza tu. Mkojo wa mbuzi unakula chuma, na msumari ulioubeba mhimili peke yake utakatika bila kutoa taarifa. Kwa sababu hiyohiyo, papi zifungwe kwa namna ya kung'oleka, kwa kuwa zitaoza kwanza. Kwa mchwa, tumia nguzo zilizotiwa dawa, na zege lipande juu ya ardhi kidogo likiwa na mwinamo wa kumwaga maji.

Masika huanza Machi. Chimbeni mashimo na kumwaga vitako mwezi wa Agosti au Septemba, udongo ukiwa mkavu, ili vuli ikifika muone kitako kipi kimetitia kabla mbao hazijapigiliwa.