Je, Wajua? Nani Hutunza Hazina Vizuri?

Je, wajua kwamba mwaka 1993 Waliberali wa Kanada walirithi kutoka kwa wahafidhina nakisi ya takribani dola bilioni 40 kwa mwaka? Riba peke yake ilikuwa inameza takribani theluthi ya mapato yote ya serikali.

Je, wajua waliizibaje nakisi hiyo? Bajeti ya 1995 ya Waziri wa Fedha Paul Martin ilifuta makumi ya maelfu ya ajira serikalini na kupunguza ruzuku za majimbo. Kufikia 1998 hesabu zilionyesha ziada, jambo lililoonekana mara ya mwisho mwaka 1970. Lakini tusiwape sifa zote: walisaidiwa na uchumi wa Marekani uliokuwa ukipanda, na pia kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 7. Kodi hiyo iliwekwa na wahafidhina mwaka 1991, na Waliberali walikuwa wameahidi kuifuta!

Je, wajua kwamba Waziri Mkuu Stephen Harper, mhafidhina, alikuta ziada mwaka 2006, akaishusha kodi hiyo hadi asilimia 5, na msukosuko wa dunia ulipobisha hodi, nakisi ya 2009-10 ikapita dola bilioni 55?

Je, wajua kwamba Mliberali Justin Trudeau aliahidi mwaka 2015 nakisi ndogo za muda mfupi tu? Hakuwahi kusawazisha bajeti hata mara moja.

Je, wajua kwamba ziada ya Marekani ya 1998 hadi 2001 ilianza Bill Clinton wa Democratic akiwa Ikulu, huku Bunge likiwa mikononi mwa Republican? Anayempa mmoja ushindi wote anapotosha hesabu.

Je, wajua kwamba Tommy Douglas, msoshalisti aliyeongoza jimbo la Saskatchewan nchini Kanada kuanzia 1944 hadi 1961, alisawazisha bajeti 17 mfululizo? Ndipo bima ya afya kwa wote ikaanza huko mwaka 1962. Wahafidhina waliotawala jimbo hilo miaka ya 1980 waliacha deni zito, na waliolazimika kulibeba ni warithi wa Douglas, chama cha NDP chini ya Roy Romanow. Mwaka 1993 chama hichohicho kiliziondolea hospitali ndogo 52 za vijijini hadhi ya hospitali.