Juu ya nini rangi za kizamani zinapendwa kwenye gitaa?

Buluu hafifu, kijani ya kupauka, nyekundu yenye kukaribia waridi: wapiga gitaa na besi wengi wangali wanazitafuta. Rangi hizo zilitoka kwa motokari. Miaka ya 1950, kampuni Fender ya California, Marekani, ilianza kupaka gitaa rangi za DuPont, zilezile za magari. Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird, Lake Placid Blue ya Cadillac. Mteja alikuwa anaongeza asilimia 5 ya bei.

Wengi hawakuongeza, walichukua ile ya kawaida ya kahawia. Ndiyo maana za rangi zilibaki chache, na leo bei yake ni kali. Sauti inatoka zaidi kwa nyuzi, mikro na vidole, lakini macho nayo yananunua. Tena verni ya juu inazeeka na kugeuka manjano: nyeupe inakuwa kama siagi, buluu inaelekea kijani. Siku hizi viwanda vinauza hata gitaa mpya zilizokwanguliwa makusudi (mtu analipia mikwaruzo!). Mwenye ile ya zamani kabisa, akiipaka upya ili ing'ae, anapoteza sehemu kubwa ya bei yake.